Maswali ya Wasomaji: Kuifuatilia Meli ya Shehena ya Kichele na Kuzisoma Sifa Zake

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu meli za kichele, yaani zile zinazobeba nafaka, makaa ya mawe, madini ya chuma, mbolea na vitu vya namna hiyo vikiwa vimemwagwa ndani ya ngama (vyumba vya mizigo vya meli) bila magunia wala makontena. Tumezijibu kwa kadiri ya uzito wa kila swali, hivyo msomaji asishangae kuona majibu mengine ni marefu na mengine ni mafupi.

Ndugu Mhariri, hati ya shehena tuliyotumiwa inataja jina la meli iliyopakia ngano yetu. Nilipoliandika jina hilo kwenye tovuti ya kufuatilia meli nilipata meli kadhaa zenye jina lilelile, mbili kati yake zikiwa za kichele, na kila moja iko katika bahari yake. Nitajuaje ipi ni yetu?
*Karani wa kampuni ya uagizaji*

Ndugu Karani, umefanya vyema kusita, kwa sababu jina peke yake haliitambulishi meli kwa uhakika. Meli nyingi hushiriki jina moja, na meli moja inaweza kubadilishwa jina kila inapouzwa. Kitambulisho cha kushika ni namba ya IMO, ambayo ni tarakimu saba zinazotanguliwa na herufi hizo tatu. Shirika la Bahari Duniani (IMO) lilianzisha mpango huu mwaka 1987, na tangu Januari 1, 1996 umekuwa wa lazima kwa meli za mizigo zenye ukubwa wa tani jumla 300 na kuendelea. Namba hiyo hubaki na meli tangu inapoundwa hadi inapokatwa vyuma chakavu, hata ikibadilisha jina, mmiliki na bendera, na sheria inataka iandikwe kwa kudumu mahali panapoonekana, kwa mfano kwenye tezi (nyuma ya meli), ubavuni au kwenye jengo la juu la meli.

Namba hii ina njia ya kujikagua yenyewe, nami ningependa kila karani anayeshika nyaraka za meli aijue. Chukua tarakimu sita za mwanzo, uzizidishe kwa mpangilio kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2, kisha ujumlishe. Tarakimu ya mwisho ya jumla hiyo lazima ilingane na tarakimu ya saba ya namba. Tuchukue meli ya kichele Wakashio, iliyopanda mwambani Mauritius mwezi Julai 2020, ambayo namba yake ilikuwa 9337119. Tunapata 63, 18, 15, 28, 3 na 2, jumla 129; inaishia na 9, na tarakimu ya saba ni 9. Kama namba iliyo kwenye nyaraka zako haikubali hesabu hii, mtu amekosea kuiandika, au ameibuni, na hapo hupaswi kuendelea mpaka upewe maelezo.

Utaona pia namba nyingine ya tarakimu tisa inayoitwa MMSI. Hiyo ni ya mawasiliano ya redio, na tarakimu zake tatu za mwanzo huonyesha nchi ya bendera: 636 ni Liberia, 538 ni Visiwa vya Marshall, 477 ni Hong Kong. Meli ikihama bendera namba hii hubadilika, kwa hiyo usiitumie kutafuta historia. Kama hati ya shehena haikutaja namba ya IMO, mwombe muuzaji au wakala wa meli akupatie, kisha uitafute kwa namba badala ya jina. Ukiipata, fungua pia Equasis, hazina ya taarifa za usalama wa meli iliyoanzishwa mwaka 2000, ambayo haitozi malipo ila inataka ujisajili. Humo utaona mwaka wa kuundwa, majina ya zamani, wamiliki, taasisi iliyoiainisha meli (yaani inayoikagua na kuthibitisha uimara wake) na matokeo ya ukaguzi bandarini.

Mwanangu Mhariri, kijana wangu ni baharia kwenye meli kubwa ya madini. Huwa naiangalia kwenye simu kila usiku kabla sijalala. Sasa imetoweka kwenye ramani kwa siku kadhaa na moyo hautulii. Je, meli ikitoweka hivyo ina maana gani?
*Mama wa baharia*

Shikamoo mama. Kwanza nikutoe hofu: kutoweka kwa nukta kwenye ramani, peke yake, si dalili ya ajali, na mara nyingi humaanisha tu kwamba meli imekwenda mbali na nchi kavu.

Kile unachokiona kwenye simu hutoka kwenye chombo kiitwacho AIS. Ni redio iliyomo melini, inayotangaza yenyewe mahali meli ilipo, mwendo wake na uelekeo wake. Meli ikiwa safarini hutangaza kila baada ya sekunde 2 hadi 10 kulingana na kasi yake, na ikitia nanga hutangaza kila dakika 3. Chombo hiki kilibuniwa kwanza ili meli zisigongane, si kwa ajili yetu tulio nyumbani, na mawimbi yake ni ya redio za masafa mafupi, yasiyopinda sana kufuata mviringo wa dunia. Kutoka meli hadi meli yanafika kiasi cha maili 20 za baharini; antena iliyo juu ya kilima pwani huyanasa kutoka mbali zaidi kidogo. Meli ikishavuka mpaka huo, husikiwa na satelaiti peke yake, na tovuti nyingi za bure hazionyeshi taarifa za satelaiti ila kwa malipo. Meli inayotoka Brazil kwenda China ina safari ya kiasi cha maili 11,000 za baharini. Ikienda maili 13 kwa saa inakata maili 312 kwa siku, yaani safari ya siku kama 35, na sehemu kubwa ya siku hizo iko katikati ya bahari ambako hakuna antena ya pwani. Kwa hiyo, mama, ukimya wa siku kadhaa ni jambo la kawaida kabisa katika safari ya namna hiyo.

Zipo sababu nyingine mbili. Ya kwanza ni kwamba nahodha anaruhusiwa kuzima AIS akiona kuwa kuendelea kutangaza kunahatarisha usalama wa meli, kama pale penye maharamia au mashambulizi. Ya pili ni vurugu za mawimbi ya GPS, ambazo haziifichi meli bali huionyesha mahali ambapo haipo. Mwezi Juni 2017, meli zipatazo 20 katika Bahari Nyeusi zilionekana kwenye vyombo vyao kana kwamba ziko kwenye uwanja wa ndege wa Gelendzhik, nchini Urusi. Siku ukiiona meli ya kijana wako imesimama juu ya nchi kavu, basi elewa hivyo.

Jambo ninalotaka ulishike zaidi ni kwamba taarifa za dharura hazipiti kwenye ramani hiyo. Meli ikipata maafa, ina kifaa kinachoelea chenyewe inapozama na kutuma ishara kwa satelaiti za uokoaji. Tena, mbali na AIS, upo mfumo mwingine unaopeleka mahali meli ilipo kwa serikali ya bendera yake kila baada ya saa 6, nao hauonekani kwa umma. Hivyo wapo wanaojua ilipo hata pale ambapo sisi hatuioni. Chini ya kanuni za kimataifa za uendeshaji salama, ambazo meli za kichele zimefungwa nazo tangu Julai 1, 1998, kila kampuni ya meli lazima iwe na mtu aliyeteuliwa nchi kavu anayewajibika kwa usalama wa meli na mwenye njia ya kuufikia uongozi wa juu kabisa. Mwombe kijana wako, atakapopiga simu, akuachie namba ya IMO ya meli yake, jina la wakala aliyemwajiri, na namba ya ofisi ya mtu huyo. Karatasi yenye mambo hayo matatu itakufaa kuliko ramani yoyote, na ukipiga simu huko usijione unasumbua. Ni haki ya familia ya baharia kuuliza.

Mhariri, nimeanza kazi kwa dalali wa meli na nimepewa karatasi ya sifa za meli: DWT 82,000, GT 43,000, urefu mita 229, upana mita 32.26, kina mita 14.4, ngama 7, ujazo wa nafaka mita za ujazo 97,000, haina kreni. Wenzangu huisoma kwa kuitupia jicho tu. Mimi naona tarakimu. Nianzie wapi?
*Dalali mwanafunzi*

Ndugu yangu, anzia kwenye DWT, kwa sababu ndiyo wengi huisema na wachache huifafanua. DWT ni uzito wote ambao meli inaweza kuupokea mpaka izame kufikia alama yake ya kisheria. Uzito huo si wa shehena peke yake: ndani yake mna mafuta, maji ya kunywa, maji ya farumi (yale yanayojazwa ili meli tupu itulie majini) yaliyobaki, vyakula, vipuri na watu. Kwa meli kama hii, toa tani 3,000 hivi kwa ajili ya mambo hayo, nawe utabaki na nafasi ya shehena ya tani 79,000. GT ni kitu kingine kabisa, na ingawa huitwa tani, haipimi uzito. Ni kipimo cha ukubwa wa nafasi za ndani za meli kwa kanuni ya mkataba wa mwaka 1969, nacho hutumika katika ada za bandari, idadi ya mabaharia na masharti ya sheria. Ukimsikia mtu akilinganisha GT na mzigo, msahihishe kwa upole.

Sasa weka ujazo kando ya uzito, kwa kuwa hapo ndipo karatasi inapoanza kuzungumza. Tani moja ya ngano huchukua kiasi cha mita za ujazo 1.3. Gawanya 97,000 kwa 1.3 na utapata tani kama 74,600. Maana yake ni kwamba meli hii ikipakia ngano hujaa ngama zote kabla haijafikia uzito wake. Tani moja ya madini ya chuma huchukua mita za ujazo 0.4 au zaidi kidogo. Tani 79,000 zitachukua kama mita za ujazo 31,600, yaani theluthi moja tu ya nafasi. Meli ileile, mzigo mmoja unaishiwa na nafasi, mwingine unaishiwa na uzito, na ndani ya ngama kunaonekana patupu huku meli imezama hadi alama yake. Ndiyo sababu meli za madini mara nyingi hupakiwa ngama moja na kurukwa inayofuata, na ndiyo sababu utakuta karatasi nyingine zimeandikwa wazi kama meli imeidhinishwa kupakiwa hivyo. Usilipuuze sharti hilo hata siku moja. Uzito mkubwa uliorundikwa mahali pamoja unaweza kuvunja mgongo wa meli.

Urefu na upana vitakwambia meli inaweza kupita wapi. Upana wa mita 32.26 haukuchaguliwa kwa bahati: malango ya zamani ya mfereji wa Panama yanapokea meli zisizozidi upana wa mita 32.31. Urefu wa mita 229 nao umefuata ukomo wa bandari ya Kamsar nchini Guinea, ambako bauksiti, madini ya kutengenezea alumini, hupakiwa, na meli za kundi hili zimepewa jina la bandari hiyo, zikiitwa Kamsarmax. Juu yake wapo Capesize, za tani 150,000 hadi 200,000 na zaidi, zenye ngama tisa kwa kawaida; na juu kabisa wapo Valemax, za tani 400,000 na urefu wa mita zaidi ya 360. Chini yake wapo Supramax na Handysize, ambazo kwa kawaida hubeba kreni zao wenyewe. Hilo la kreni usilipite haraka. Meli yako haina kreni. Ukiipeleka kwenye gati lisilo na mitambo ya kupakulia, itakaa hapo na mzigo wake huku gharama za ucheleweshaji zikihesabiwa kila siku.

Kisha kina, yaani kiasi ambacho meli huzama majini. Mita 14.4 ni kina cha meli iliyojaa katika maji ya bahari majira ya kiangazi, na ubavuni mwake mna duara lililokatwa na mstari, pamoja na alama za majira mengine: maji ya kitropiki, maji yasiyo na chumvi, majira ya baridi kali. Alama hiyo ya duara ililazimishwa kwanza kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia waliokuwa wakipelekwa baharini katika meli zilizolemewa. Kwako dalali, kina kina matumizi ya kila siku. Uliza karatasi ina tarakimu gani ya tani kwa sentimita. Kwa meli ya ukubwa huu ni kama tani 70. Yaani kila sentimita moja ya kuzama ni tani 70, na kila mita ni tani 7,000. Kama bandari ya kushushia inaruhusu mita 12 tu, umepungukiwa mita 2.4, na hiyo ni kama tani 16,800 ambazo meli haitaweza kuzibeba katika safari hiyo. Dalali anayeifanya hesabu hii kabla ya kusaini mkataba humwokoa mteja wake na hasara kubwa, tena kwa dakika chache.

Kwa njia hiyohiyo mzigo hupimwa bandarini. Mpimaji husoma kina mahali sita, kulia na kushoto, kwenye omo (mbele ya meli), katikati na tezi, kisha husahihisha kwa farumi, mafuta na uzito wa maji yenyewe. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa tani 1.025 na ya mto tani 1.000, meli hii ikiwa imejaa ina uzito wote, pamoja na wa meli yenyewe, wa karibu tani 96,000, na anayesahau kupima maji anaweza kukosea kwa zaidi ya tani 2,000. Nimesisitiza hili kwa sababu ugomvi mwingi wa upungufu wa mzigo huanzia hapo.

Mwisho, tazama mwaka wa kuundwa na historia. Meli ya Stellar Daisy, iliyozama Atlantiki ya Kusini Machi 31, 2017 ikiwa na madini ya chuma na kuua mabaharia 22 kati ya 24, iliundwa mwaka 1993 kama meli ya mafuta ghafi na baadaye ikageuzwa kuwa ya madini. Karatasi ya sifa yenye tarakimu nzuri haisemi chuma kimechakaa kiasi gani. Omba tarehe ya ukaguzi mkuu wa mwisho na orodha ya kasoro ambazo taasisi ya uainishaji imetaka zirekebishwe.

Kwa nini meli ninayoifuatilia inaonyesha inakwenda bandari ambayo ilishatoka wiki nzima iliyopita?
*Msomaji*

Kwa sababu AIS ina taarifa za namna mbili. Mahali, mwendo na uelekeo hutoka kwenye vyombo vya meli vyenyewe. Bandari iendako, siku ya kufika na kina huandikwa kwa mkono na ofisa wa zamu, naye asipobadilisha, hubaki ya zamani. Meli za kichele zina sababu ya ziada: mara nyingi huondoka tupu bila mzigo uliothibitishwa, na hapo huandikwa tu kwamba meli inasubiri maagizo. Unapotaka kujua kama ina shehena, linganisha kina kilichoandikwa na kina chake cha juu, kisha uangalie mwendo na bandari ilizotoka. Kina cha mita 8 kwa Capesize inayofika mita 18 ikijaa kinaonyesha farumi, lakini kina ambacho hakijabadilika tangu kabla ya kupakia hakikwambii lolote.

Tovuti inasema meli yetu ya mbolea itafika Alhamisi saa nne asubuhi. Je, niagize malori siku hiyo?
*Msimamizi wa ghala*

Hapana, ndugu. Saa hiyo ni makadirio ya meli kufika eneo la bandari, wala si ya kufunga gatini. Meli ya kichele ikifika hutia nanga nje, nahodha hutoa notisi ya utayari, halafu husubiri zamu ya gati, rubani wa kuiongoza kuingia bandarini, maji kujaa ikiwa kina chake ni kikubwa, na maofisa wa afya na forodha. Gatini nako ngama hufunguliwa, kina husomwa na sampuli huchukuliwa kabla grabu (kijiko kikubwa cha kreni) ya kwanza haijashuka. Mvua ikinyesha, milango ya ngama hufungwa na mbolea haiguswi. Mtafute wakala wa meli akupe mpango wa magati, ambao hupitiwa upya kila siku, na uagize malori ya mwanzo pale meli itakapokuwa imefunga na mpimaji amemaliza kusoma kina. Malori mengine yafuate kasi halisi ya upakuaji ya zamu ya kwanza, ambayo wakala atakutumia kwa tani.